Ampli ya mzee imenyamaza: kuitengeneza ao kununua ingine mpya?

Katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma, Likasi na Lubumbashi, juu ya kabati ya saloni, kungali ampli moja nzito ambayo watoto walikatazwa kuigusa. Ingine iliachwa na mzungu wa kampuni ya migodi, ingine na mapadri waliorudi kwao, ingine mzee mwenyewe aliiagiza Ulaya wakati shaba ilikuwa na bei na mshahara ulitosha. Mbele yake imeandikwa Quad, Marantz, Pioneer, Sansui, Revox ao McIntosh. Kwa miaka makumi ilipiga Franco, Tabu Ley na gitaa ya Jean Bosco Mwenda. Halafu siku moja inaanza kunguruma, ao upande mmoja unanyamaza, ao fizibli inaungua kila unapoiwasha. Vijana wa nyumba wanasema itupwe, kwa sababu madukani kuna zingine za wati elfu tano. Mzee anakataa.

Makala hii inasimama upande wa mzee, lakini haimfuati mpaka mwisho. Mara nyingi ile ampli haikufa. Kilichokufa ndani yake ni vitu vidogo vya bei ya chini, na mwili wote ungali mzima. Lakini mara zingine imekufa kweli, na mtu anayeendelea kuipeleka kwa fundi kila mwezi anatupa feza ya nyumba. Kazi ni kujua tofauti mbele ya kufungua mfuko.

Wati elfu tano zinatoka wapi?

Tuanze na zile wati, kwa sababu ndizo zinadanganya wanunuzi wengi. Geuza ile ampli mpya ya dukani, uangalie nyuma, pale waya wa umeme unapoingia. Karibu na hapo kuna fizibli, na juu yake kumeandikwa nguvu yake, kwa mfano ampea 3. Umeme wetu ni volti 220. Zidisha 220 mara 3, unapata wati 660. Hizo ndizo wati zote ambazo mashine inaweza kuvuta kwa prizi kwa muda mrefu mbele fizibli ikatike, na sehemu yake inapotea kama joto. Basi zile elfu tano za karatasi ya nje haziwezi kutoka ndani ya sanduku ambalo halikuziingiza. Ni hesabu ya kufyatuka kwa nukta ndogo sana ya wakati, ile inayoandikwa PMPO, na kila kiwanda kinaipima namna kinavyotaka.

Mambo hayo si mapya. Huko Marekani, viwanda vilidanganya wanunuzi kiasi kwamba mwaka wa 1974 tume ya serikali inayosimamia biashara, FTC, iliweka sheria: anayeuza ampli ya nyumba aseme wati inazotoa bila kukatika, na spika za ngapi ohm, na sauti inaharibika kiasi gani. Ndiyo maana tarakimu za ampli za miaka ile zinaonekana ndogo. Quad 303 ya Uingereza, iliyotoka mwaka wa 1967, ilikuwa na wati 45 tu kila upande. Pioneer SX-1250 ya Japani, ya mwaka wa 1976, ilikuwa na wati 160 kila upande, na wakati ule ilikuwa kati ya zenye nguvu zaidi kwa nyumba. Ile Pioneer ina uzito wa karibu kilo 30, na sehemu kubwa ya uzito huo ni transfo na mbavu za alumini zinazotoa joto. Mwenye duka anayekuuzia wati elfu tano katika sanduku la kilo 4 angepaswa kukueleza vitu hivyo vimejificha wapi.

Kwa hiyo mzee anaposema kwamba ampli yake ya wati 45 inaimba kuliko ile mpya ya jirani, si mapenzi ya ujana wake peke yake yanayosema.

Ndani kunazeeka nini

Fungua kifuniko (waya ukiwa umetolewa kwenye prizi, na tutarudi kwenye jambo hilo) utaona makopo mawili ao manne makubwa, kama makopo ya nyanya ya kupika. Hizo ni kondansateri za umeme. Kazi yao ni kama pipa la maji la nyumba: umeme unatoka kwenye transfo kwa mapigo, kondansateri inaujaza na kuutoa bila kukatika. Ndani ya kopo kuna karatasi nyembamba za alumini zilizokunjwa pamoja na karatasi ya kawaida iliyolowekwa maji ya kemikali. Yale maji yanakauka polepole, mwaka kwa mwaka. Pipa linakuwa dogo, mapigo yanapita mpaka kwenye bafle, na unasikia mngurumo mzito usiobadilika hata ukipunguza sauti. Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde. Ukipita kwenye diodi unakuwa mapigo 100, na ndiyo sauti ile unayosikia.

Joto ndilo adui mkubwa. Kanuni ambayo wajenzi wa vifaa hivi wanafuata ni nyepesi: kila ukipunguza joto kwa digri 10, maisha ya kondansateri yanakuwa mara mbili. Kopo lililoandikwa saa 2,000 kwa digri 85, likikaa kwenye digri 45, linaweza kufika saa 32,000. Mtu anayesikiliza saa nne kila siku anatumia kama saa 1,460 kwa mwaka. Fanya hesabu: ni miaka 22 hivi. Ampli ya mwaka wa 1975 imepita hapo zamani, na kama iliwekwa ndani ya kabati lililofungwa, ao chini ya kitambaa cha kudarizi ambacho mama alitandika juu ya matundu yake, ilizeeka mbele ya siku zake. Kile kitambaa kimeua ampli nyingi kuliko wezi.

Vitu vingine vinavyochoka ni vile vinavyogusana. Kifungo cha sauti kinaingiza vumbi na kinakwaruza unapokigeuza. Relei, yaani swichi ndogo inayolia "ta!" sekunde chache kisha kuwasha, inashika kutu nyeusi kwenye midomo yake, na upande mmoja unapotea mpaka uongeze sauti ghafula ndipo unarudi. Sehemu zilizolehemiwa zinapasuka kwa sababu ya kupata joto na kupoa kila siku. Mende nao wanapenda joto la transfo, wanazaa humo, na uchafu wao unakula njia za shaba. Wakaaji wa Goma wana taabu yao ya pekee: majivu ya volkano yakipata unyevu yanapitisha umeme na kula chuma, na vumbi jeusi la barabara za lava linaingia kila tundu.

Sasa tazama orodha ya vile visivyozeeka haraka: transfo, mbavu za alumini, sanduku la chuma, na mara nyingi transista zenyewe. Hivyo ndivyo vyenye bei kubwa. Katika ampli nzuri ya zamani, vinavyokufa ni vya bei ndogo na vinavyobaki ndivyo vya bei kubwa. Katika ampli ya bei rahisi ya leo mara nyingi ni kinyume: transfo nyembamba inaungua, na hakuna kilichobaki cha kuokoa.

Radi na umeme unaorudi kwa hasira

Ampli za Ulaya hazikujengwa kwa kufikiria Kivu. Mwaka wa 2016, wanasayansi waliotumia vipimo vya satelaiti vya miaka 16 walitoa orodha ya mahali panapopigwa radi zaidi ulimwenguni. Ya kwanza ni ziwa Maracaibo, Venezuela. Ya pili ni kwetu, karibu na Kabare: kama miali 205 kwa kila kilometa ya mraba kila mwaka. Kampene ya Maniema ni ya tatu, na Sake, Butembo na Boende zote zimo katika kumi za kwanza. Wakaaji hawakungoja satelaiti ili kujua hilo, lakini ile tarakimu inasaidia kueleza kwa nini fundi wa Bukavu anapokea mashine zilizoungua zaidi ya mwenzake wa Brussels. Si lazima radi ipige nyumba. Ikipiga waya wa umeme mbali, mshindo unatembea mpaka kwenye prizi yako.

Halafu kuna umeme wenyewe. Usiku unashuka mpaka taa zinakuwa nyekundu. Ukikatika na kurudi, unarudi na kishindo kinachopita 220. Ampli iliyobaki imewashwa ndiyo inapokea pigo la kwanza. Stabilizateri nzuri inasaidia kwa kupanda na kushuka, lakini kwa radi dawa ya kweli ni moja: kutoa waya kwenye prizi, pamoja na waya wa antena. Umeme ukikatika, toa. Ukirudi, ngoja dakika tano ndipo urudishe. Haina garama.

Kuna hatari ingine isiyozungumzwa sana. Ampli zilizotoka Marekani zilijengwa kwa volti 120, za Japani kwa volti 100. Zingine zina swichi nyuma ya kuchagua volti, zingine hazina. Mtoto wa ndugu anayetuma Marantz kutoka Amerika bila kuangalia anatuma kitu kitakachoungua mara ya kwanza kikiingia kwenye prizi yetu. Panahitajika transfo ya kushusha, na iwe kubwa, kwa sababu ile ya kwao imezoea mizunguko 60 kwa sekunde, nayo ikipata 50 inapata joto zaidi.

Mbele ya kwenda kwa fundi

Makosa mengi yanayoitwa "ampli imekufa" hayako ndani ya ampli. Upande wa kushoto umenyamaza? Zima, badilisha nyaya za bafle: ya kushoto weka kuume, ya kuume weka kushoto. Kama ukimya umehama pamoja na bafle, basi bafle ao waya wake ndio wenye ugonjwa. Kama umebaki upande ule ule wa ampli, rudisha, kisha badilisha nyaya zinazoingia, zile za redio ao kicheza CD. Ukimya ukihama sasa, kosa liko kwa chanzo. Ikiwa bado haujahama, hapo ndipo unaweza kusema ni ampli. Kazi hiyo ni ya dakika kumi na haidai kifaa hata kimoja.

Wengine wanataka kutupa ampli kwa sababu tu "haikubali telefone". Tatizo hapo ni mlango. Karibu ampli zote za miaka ya 70 zina mahali palipoandikwa AUX ao TUNER, na telefone inaingia hapo kwa waya, ama kwa kisanduku kidogo cha Bluetooth cha dola chache. Usiingize kwenye PHONO: pale ni kwa sahani za santuri, panakuza sauti mara nyingi na kuongeza besi, na telefone itatoka kama redio iliyozama majini. Ampli za Ulaya mara nyingi zina tundu la duara badala ya matundu mawili. Fundi anaweza kutengeneza waya wa kuunganisha kwa saa moja.

Kifungo kinachokwaruza kinatibiwa kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti, kisha unakizungusha mara thelathini. Isiwe petroli, isiwe mafuta ya taa, isiwe manukato ya mama. Relei inasafishwa kwa kipande cha karatasi ngumu kinachopitishwa kati ya midomo yake, bila msasa, kwa sababu msasa unaondoa fedha iliyopakwa juu.

Na hapa kazi ya mwenye nyumba inakoma. Kondansateri kubwa zinaweka umeme hata baada ya kutoa waya kwenye prizi. Katika ampli ya wati 100, ni zaidi ya volti 50 kila upande, na za taa za kioo zinapita volti 400, ambazo zinaua. Wale wanaozimaliza kwa kugusisha turnevisi wanaharibu kondansateri na siku moja watapoteza jicho. Fundi anayejua anatumia rezistansi, anangoja, kisha anapima.

Namna ya kumtambua fundi

Mpe kazi fundi yule anayeuliza maswali mbele ya kushika chuma cha kulehemu. Fundi mzuri hawashi ampli iliyokata fizibli moja kwa moja kwenye 220. Anaiunganisha kupitia taa ya zamani, ile ya waya wa ndani, ya wati 60 ao 100. Ikiwa kuna njia fupi ndani, taa inawaka kwa nguvu na ampli inaokoka. Kama kila kitu ni sawa, taa inawaka kidogo kisha inafifia. Taa mpya za LED hazifanyi kazi hiyo, na ndiyo sababu mafundi wengi wanaficha zile za zamani kama mayai.

Jambo la pili: anapima volti kwenye matundu ya bafle mbele ya kuunganisha bafle. Ampli nzima inaonyesha milivolti chache. Chini ya 50 hakuna wasiwasi. Ikionyesha volti kumi, ishirini, basi transista moja imeshikana, na ule umeme ukiingia kwenye bafle utachoma waya wake katika sekunde chache. Familia nyingi zilipoteza bafle nzuri namna hiyo: ampli iliungua, wakafikiri ni bafle, wakaunganisha zingine, nazo zikaungua. Kama fundi anapima kwa kuweka bafle yako na kusikiliza, chukua ampli yako na uondoke.

Anayeweka fizibli kubwa zaidi ili "isikatike tena", ao waya wa shaba mahali pa fizibli, huyo mwogope kuliko mwizi. Amebadilisha mashine yako kuwa jiko.

Baada ya hapo ni vipuri. Kondansateri mpya ziwe na volti sawa na za zamani ao zaidi, hata kidogo zisiwe chini. Uwezo wake uwe karibu na ule ule. Na afadhali zile zilizoandikwa digri 105, ambazo kwa kanuni ile ya joto zinaishi mara nne kuliko za digri 85. Zenye alama ya hasi zikiwekwa kinyume zinapasuka. Badilisha za pande zote mbili siku moja, kwa sababu zilizaliwa pamoja na zinazeeka pamoja.

Kwa transista, mambo ni magumu zaidi. Vipuri vyetu vinatoka Dubai, Guangzhou, Kampala, ao Nairobi kwenye barabara ya Luthuli, na ndani ya mizigo hiyo za bandia ni nyingi. Zile zinazojulikana sana, kama 2SC5200 na mwenzake 2SA1943, ao 2N3055 na MJ15003 za kofia ya chuma, ndizo zinazoigwa zaidi. Maandishi yanapanguswa na asetoni, uzito ni mdogo, na bei ni ya ajabu. Anayetaka kuhakikisha anatoa sadaka moja: anaifungua kwa msumeno. Ndani ya ile ya kweli kuna kipande kikubwa cha silisi. Ndani ya ile ya bandia kipande ni kama punje ya mtama. Transista ya bandia haikatai kupiga. Inapiga wiki mbili, mpaka siku ya ndoa, sauti ikiongezwa, ndipo inashikana na kuchoma zingine nne. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sababu kubwa watu wanasema ampli za zamani "hazitengenezeki". Ilitengenezwa, lakini kwa vitu vya uongo.

Tuchukue mfano mmoja, Quad 405. Ilitoka Uingereza mwaka wa 1975, wati 100 kila upande, uzito kilo 9 tu. Peter Walker na wenzake waliijenga kwa namna ambayo ndani hakuna kitu cha kurekebisha: hakuna kifungo cha kupanga mkondo wa transista kama katika ampli zingine. Kwa fundi wa mbali hiyo ni baraka kubwa, kwa sababu anaweza kubadilisha vipuri bila vifaa vya maabara. Kondansateri zake kubwa ni mbili, skema yake inapatikana kwenye intaneti, na mafundi wengi wa Ulaya wanaweka MJ15003 mahali pa transista za asili. Upande wake mbaya ni kwamba haina relei ya kulinda bafle. Transista ikishikana, bafle ndiyo inalipa, na inafaa kuiongezea ulinzi. Tena haina kifungo cha sauti, inahitaji ampli ndogo ya mbele. Anayeunganisha telefone moja kwa moja na kusahau kupunguza atakuwa na wati 100 usoni kabla hajafika kwenye kiti. Ampli kama hiyo, ikiwa transfo yake ni nzima, mimi singeiuza. Ulaya watu wanalipa mamia ya euro kwa iliyotumika.

Viwanda vyenyewe vinajua thamani hiyo. McIntosh ya Marekani ilitoa MC275 mwaka wa 1961 na ingali inauza toleo lake jipya. Quad ilirudisha 303 mwaka wa 2024, miaka 57 baada ya ile ya kwanza.

Wakati wa kuiacha

Mzee anisamehe sasa. Kuna ampli ambazo hazistahili kulipiwa tena.

Ya kwanza ni ile ambayo transfo yake imeungua. Unaijua kwa harufu ya vanishi, na kwa multimetri. Transfo inaweza kusukwa upya, na mjini kuna wanaosuka, lakini ya ampli nzuri ina nyaya za volti mbalimbali ambazo lazima zifuatwe sawasawa, na shaba inauzwa kwa kilo. Mara nyingi bei inafika ile ya ampli ingine iliyotumika na iliyo nzima.

Ya pili ni ile yenye moduli nyeusi zilizoandikwa STK, sehemu nzima ya nguvu ikiwa ndani ya kitu kimoja. Sanyo ya Japani ilizitengeneza kwa wingi, na ampli nyingi za miaka ya 80 zinazo. Zilikwisha kutengenezwa, na zile zinazouzwa leo, nyingi ni za kuiga. Fundi anaweza kubahatika, lakini usimlipe mbele ya kusikia kwa siku mbili.

Ya tatu ni ile iliyopita mikononi mwa mafundi watano. Njia za shaba zimenyofoka, nyaya zimerukishwa juu, rezistansi zimewekwa za tarakimu zilizopatikana. Fundi wa sita analipwa ili kutafuta makosa ya wale watano, na makosa hayana mwisho.

Sababu ya nne haihusu ugonjwa wa ampli, inahusu umeme wa nyumba. Leo familia nyingi zinaishi kwa panele za jua na betri. Ampli ya zamani inakula wati makumi hata wakati hakuna anayesikiliza, kwa sababu transista zake zinangoja zikiwa na joto. Ukiitumia kwa konvertiseri ya bei rahisi, ile ambayo mawimbi yake si ya mviringo, transfo inalia na inapata joto. Ampli mpya ndogo za aina ya D zinageuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kuwa sauti. Kuna kisanduku chenye chipi TPA3116 kinachoingia mkononi. Kinakubali volti 12 za betri moja kwa moja bila konvertiseri, na kwa volti hizo kinatoa kama wati 9 kila upande kwenye bafle za ohm 8. Wati 9 za kweli zinatosha saloni. Hapo sitamshauri mtu kuendesha Pioneer ya kilo 30 kila usiku kwa betri ambayo inapaswa pia kuwashia watoto taa ya kusomea. Aiweke kwa siku ambazo umeme wa waya upo, na kisanduku kiimbe siku zingine, kwa bafle zile zile. Bafle nzuri za zamani ndizo zisitupwe kwa vyovyote. Zikikatika mpira wa pembeni, unabadilishwa.

Kwa anayesita kati ya njia mbili, mimi naweka mpaka hapa: mwambie fundi aseme bei yote kwa maandishi, vipuri na mikono, baada ya kupima na mbele ya kubadilisha. Ikipita nusu ya bei ya ampli ya namna ile ile iliyo nzima, angalia kwingine. Vipuri viagizwe vyote mara moja, na ziada ya transista mbili, kwa sababu kifurushi kinachokuja wiki kadhaa hakirudiwi kwa ajili ya kipande kimoja. Udai urudishiwe vya zamani vilivyotolewa. Hiyo inazuia mengi.

Na ikiwa hukumu ni kwamba imekufa, isiende kwenye jalala. Mbavu za alumini, soketi, vifungo na sanduku vinatumika. Transista ambazo hazikuungua ni za asili, fundi atazinunua kwako kuliko kununua zile za Guangzhou. Transfo, kama iko nzima, wengi wanaifanya chaja ya betri kubwa; kuna nyumba ambazo leo taa zinawaka usiku kwa betri iliyojazwa na transfo ambayo zamani ilikuwa inapiga Franco.